Anayekujua kwa Mbali

Muulize mwanachuo yeyote wa mwaka wa tatu kazi zinapatikanaje siku hizi, atakujibu kwa neno moja: koneksheni. Neno lenyewe limeshaharibiwa mitandaoni, ukilitafuta utaletewa mambo mengine kabisa, kwa hiyo humu nitatumia neno letu la siku zote, kujuana. Tunalisema kwa kulalamika, kana kwamba kujuana ni shamba la urithi: mzazi wako yuko wizarani, unalo, mzazi wako analima viazi Uwemba, huna.

Kwa sisi wa ualimu malalamiko hayo yana msingi. Tangu 2024 ajira za walimu serikalini zinaombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji anapita kwenye usaili. Katika usaili uliofanyika mwanzoni mwa 2025, waombaji walizidi laki mbili na nafasi hazikufika elfu kumi na tano. Piga hesabu mwenyewe: kiti kimoja kinagombewa na watu zaidi ya kumi na watatu, wote wana shahada au stashahada kama utakayokuwa nayo wewe. Hao kumi na wawili wanaobaki nje wanakwenda wapi? Wengine wanapata shule binafsi, wengine wanajitolea, wengine mashirika, wengine wanarudi nyumbani kusubiri tangazo lijalo. Na hapo katikati, kati ya anayepata na anayesubiri, ndipo kujuana kunapofanya kazi yake.

Makala hii inahusu kujuana kwa aina moja tu, kule kunakojengwa mtandaoni kati ya watu wa taaluma moja. Nitaeleza kwa nini wengi wetu tunakujenga kichwa chini miguu juu. Mifano nitaitoa zaidi Njombe na Makambako kwa sababu ndiko nyumbani, na ndiko nilikofanyia mazoezi ya kufundisha.

Tuanze na utafiti wa zamani kidogo. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji watu wa Newton, mji ulio jirani na Boston, ambao walikuwa wamebadilisha kazi karibuni. Matokeo alianza kuyachapisha mwaka 1973. Wale waliopata kazi kupitia mtu, aliwauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Mimi ningetegemea wajibu kila siku, maana kazi anakupa nduguyo au rafikiyo wa kufa na kuzikana. Waliosema walionana mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja. Asilimia 27.8 walisema kwa nadra, mwaka mara moja au pungufu. Kwa hiyo wengi waliletewa habari ya kazi na mtu wa mbali, yule ambaye hata kwenye harusi yako ungemsahau kadi.

Sababu yake si ya ajabu ukiitafakari. Wewe na mnayelala naye chumba kimoja mnajua mambo yaleyale. Tangazo likitoka mnalipata pamoja kwenye grupu la WhatsApp la darasa, watu mia tatu dakika ileile, na wote mia tatu mnaomba. Grupu hilo ni zuri kwa michango ya misiba na kukumbushana tarehe ya jaribio, lakini habari ambayo wengine hawana haliwezi kuizaa. Sasa fikiria stendi ya Makambako. Mji ule umekuzwa na njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana pale na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita hapohapo. Muuza chai wa stendi anajua bei ya mahindi Songea na foleni ya malori Tunduma bila kutia mguu huko, kwa sababu kila saa kuna mtu anashuka, anakunywa chai, anaongea, anaondoka. Kilometa kama sitini kutoka pale, na zaidi ukiingia ndani, unaweza kumkuta mtu mwenye ndugu mia moja wanaompenda kweli, na wote hawajui chochote ambacho yeye hajui.

Ila usikimbilie kukusanya wageni. Watafiti wengine waliirudia hoja ya Granovetter wakitumia LinkedIn yenyewe, ule mtandao wa watu wa kazi uliofunguliwa 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016. Walifuatilia watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, na matokeo yakatoka katika jarida la Science Septemba 2022. Waligundua kwamba waliosaidia zaidi watu kuhama kazi hawakuwa marafiki wa karibu, na hawakuwa wageni kabisa pia. Walikuwa watu wa katikati: mnafahamiana kidogo, mna marafiki wachache wa pamoja, hamko kundi moja. Hili ndilo linanifanya niwaonee huruma wenzangu wanaojisifu kuwa wana watu elfu tatu kwenye LinkedIn. Elfu tatu ambao hawajawahi kusikia sauti yako ni sawa na abiria waliopita Makambako usiku wamelala.

Wakinga na kilichofichika dukani

Mtu wa Njombe akisikia habari za kujuana, mawazo yake yanakwenda kwa Wakinga wa Makete. Nenda Makambako, Njombe mjini, Mbeya, mpaka Kariakoo, utawakuta kwenye maduka. Utaratibu wao unajulikana na kila mtu huku kwetu: kijana anachukuliwa kijijini, anakaa dukani kwa tajiri, mara nyingi ndugu, anapanga bidhaa, anauza, analala hapohapo, miaka inapita. Akishaaminika anapewa mtaji au mali kwa mkopo, anafungua la kwake, naye anachukua kijana mwingine.

Tunapenda kusema wanabebana kwa sababu ni kabila moja. Sawa, undugu ndio mlango. Lakini wapo ndugu wengi waliorudishwa Makete bila hata kanga. Anayefunguliwa duka ni yule ambaye tajiri amemwona akiamka saa kumi na moja alfajiri siku ya baridi ya Juni, akirudisha chenji sawasawa, akiijua bei ya kila kitu bila kuuliza. Tajiri anatoa mtaji juu ya kitu alichokiona kwa macho yake.

Mtandao wa aina hii una nguvu sana, na una mpaka wake. Utakupa duka, hautakupa kipindi cha Jiografia kidato cha tatu, kwa sababu ndani yake hakuna mkuu wa shule anayetafuta mwalimu. Hapo ndipo mtandao wa intaneti unapoingia, unakufikisha kwa watu ambao ukoo hauwafikii. Lakini nao umekosa kile kilichopo dukani: hakuna anayekuona ukiamka alfajiri. Mtu anakuona picha ya joho na maneno matatu. Kazi yote ya kujenga jina mtandaoni, nionavyo mimi, ni kuziba pengo hilo.

Kiazi

Mfano wa somo letu. Kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari mkoani Njombe, kidato cha tatu walikuwa wamekwama kwenye kontua. Wanakariri maana, wakipewa ramani wanaona mistari ya kahawia tu. Tukachukua kiazi kikubwa. Viazi Njombe haviombewi bajeti. Unakikata nusu kwa urefu, unakilaza kama kilima, kisha unakikata kwa mlalo vipande vya unene sawa. Kila kipande unakiweka kwenye karatasi na kuchora mzunguko wake kwa penseli, kuanzia cha chini, ukilinganisha katikati. Ukimaliza una ramani ya kilima. Mizunguko ikisongamana, mteremko ni mkali; ikiachana, unapanda taratibu. Watoto wa Kibena wamepanda milima tangu wanajifunza kutembea, wakielewa hilo hawasahau.

Nikapiga picha mbili: kiazi na karatasi. Chini yake sentensi nne: tatizo lilikuwa nini, tulifanya nini, nini kilitokea, na kwamba kiazi kidogo hakifai kwa sababu vipande vinavunjika. Nikaiweka LinkedIn na kwenye stetasi ya WhatsApp. Haikusambaa, usije ukadhani. Lakini mwalimu mmoja wa mkoa mwingine, ambaye tulishawahi kukaa meza moja kwenye semina na basi, akaomba andalio la somo. Nikamtumia. Katika kuongea ndiye aliyenieleza kitu ambacho hakuna mwenzangu darasani aliyekuwa anakijua: shule binafsi nyingi hutafuta walimu Novemba na Desemba, kabla wanafunzi hawajarudi Januari, na mara nyingi tangazo halitoki kabisa. Mkuu wa shule anauliza kwanza kwa wakuu wenzake. Wakuu wa sekondari wana umoja wao, TAHOSSA. Wamiliki na mameneja wa shule binafsi wana wao, TAMONGSCO. Swali la "nani ana mwalimu mzuri wa Hisabati?" linaulizwa na kujibiwa huko, nawe umekaa na bando lako unasubiri linki.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu wa ualimu, una kitu cha kuonyesha kuliko unavyofikiri. Azimio la kazi ulilolipanga vizuri. Zana uliyoitengeneza kwa boksi. Swali la mtihani ulilolitunga upya kwa sababu wanafunzi wote walilikosa, pamoja na maelezo ya kwa nini walilikosa. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024, wenye mkondo wa amali, umewaacha hata walimu wazoefu wakitafuta mifano ya kufundishia, na mwanachuo anayeweza kuleta mfano mmoja unaofanya kazi atasikilizwa. Wa kilimo ana shamba la parachichi la jirani, wa uhasibu ana vitabu vya saccos aliyoifanyia mazoezi, ilimradi asitaje siri za watu.

Na hapo kuna mstari usiovukwa. Picha za wanafunzi wako usiweke sura zao. Ni watoto, wazazi hawakukupa ruhusa, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika. Piga picha ubao, mikono, daftari, kiazi.

Ukurasa wako wenyewe hauhitaji maneno mengi. Ule mstari wa juu, chini ya jina, wengi wameandika "Mwanafunzi anayetafuta fursa". Fursa gani? Kufundisha, kuuza bima, kuendesha lori? Andika kitu ambacho mtu anaweza kukukumbukia: "Mwalimu mwanafunzi wa Jiografia na Kiswahili, Njombe. Natengeneza zana za ramani kwa vitu vya nyumbani." Kuhusu lugha, watu wanabishana sana. Mimi naona andika kwa lugha utakayohojiwa nayo kwenye shule unazozitaka. Kama ni shule ya mchepuo wa Kiingereza, andika Kiingereza, lakini kiwe chako. Zile aya zilizoandikwa na programu ya akili mnemba, zenye shauku na bidii na ari ya kuleta mabadiliko, mwajiri ameshazisoma mara hamsini wiki hii, na ukifungua mdomo kwenye usaili atajua kwa dakika moja nani aliandika.

Kumwandikia usiyemzoea

Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Ujumbe wa kawaida unaotumwa ni huu: "Mambo mkuu, naomba unipe koneksheni ya kazi yoyote." Weka nafasi yako kwa anayeupokea. Hakujui, hujasema unasoma nini, umemkabidhi mzigo mzima wa maisha yako, na hilo "yoyote" linamfanya asikumbuke chochote. Atasoma, ataacha, na wala hana roho mbaya.

Linganisha na huu: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma ualimu wa Jiografia na Kiswahili, mwaka wa tatu, nyumbani Makambako. Tulikutana kwenye semina ya Jiografia pale Njombe, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu ramani za kidato cha tatu. Naona shule yenu imeanza mkondo wa amali. Naomba kuuliza jambo moja: kwa walimu wanaotoka vyuoni sasa, ni ujuzi gani mnaona wanaukosa zaidi? Hata jibu la mstari mmoja litanisaidia kujiandaa. Ahsante."

Tazama kilichomo. Kuna salamu, maana mtu wa umri wa mzazi wako hasalimiwi "mambo" hata kama mtandao ni wa Wamarekani. Kuna mahali mlipokutana. Kuna swali moja linalojibika akiwa kwenye foleni ya benki. Na hakuna ombi la kazi. Kazi anaijua mwenyewe kwamba unaitafuta. Wewe ni wa mwaka wa tatu, utakuwa unatafuta nini kingine? Unachoomba ni maarifa, na watu wengi wazima hupenda kuulizwa wanachokijua.

Akikujibu, fanya alichosema, kisha baada ya wiki mbili tatu mrudishie habari: nilijaribu ulivyoniambia, imekuwa hivi. Mrejesho huo ndio unaomtoa mtu kwenye orodha ya wageni na kumweka kwenye wale wa katikati. Wachache sana wanaufanya. Ukiwa na watu kumi na tano wa namna hii kabla hujahitimu, umewapita wenye elfu tatu.

Usijifungie LinkedIn peke yake. Mkuu wa shule ya Lupembe au Ludewa huenda hana akaunti huko na hana haja nayo, lakini namba yako anayo tangu ulipofanya mazoezi shuleni kwake, na stetasi yako anaiona kila jioni. Kama imejaa video za kucheka na ugomvi wa Simba na Yanga, hiyo ndiyo sivii anayoisoma. Sisemi uache mpira. Nasema mara moja kwa wiki aone kiazi.

Sasa mambo mawili ambayo hatuyasemi kwa sauti. La kwanza, matapeli. Kuomba kazi kwenye Ajira Portal ni bure. Mtu anayekwambia utume elfu ishirini ya fomu, ya sare au ya vipimo ili "jina liingie" hana kazi ya kukupa. Na namba ya NIDA, vyeti na picha ya pasipoti havibandikwi kwenye grupu la watu usiowajua, hata kama admini ameandika "wahi nafasi". Serikalini huko kujuana hakupandishi alama za usaili. Kwa watu unaowajua chukua kingine, yaani maswali yalikuwa ya aina gani, ujisomee vipi, nani mna somo moja mkajiandae naye.

La pili linawahusu zaidi wenzetu wa kike. Kuna watu wenye vyeo wanaopokea ujumbe wa heshima kama ule niliouandika hapo juu, wanajibu vizuri siku mbili, ya tatu wanataka mkutane jioni kwenye nyumba ya wageni ili "mzungumzie nafasi". Hiyo ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa la huyo mwenye mamlaka. Hifadhi ujumbe, piga skrinshoti zikiwa na tarehe, mwambie mtu unayemwamini, peleka TAKUKURU. Mkutano wa kazi unafanyika ofisini, mchana, au kwa simu. Anayekataa masharti hayo matatu mwache aende na nafasi yake.

Wanaomaliza mwaka huu wajiandikishe pia kwenye mfumo wa TaESA, kitengo cha huduma za ajira cha serikali, ambacho huunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu kazini. Na kabla ya hayo yote fungueni barua pepe yenye majina yenu halisi, isiyo ya chuo, maana ya chuo inaweza kufungwa mkishaondoka na hamtaweza kurudi kwenye akaunti mlizozifungulia. Nenosiri liandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani, na laini ya simu mliyojiandikishia isiachwe ikafa kwa kukosa vocha wakati mmekwenda shamba kuvuna viazi.